Kuala Lumpur kwa mpishi wa tui: kula kwanza, minara baadae

Mimi ni mpishi wa Unguja, kazi yangu miaka 19 sasa ni vyakula vya pwani tu, wali wa nazi, mchuzi wa pweza, boko boko, biriani za harusi, na kama kuna kitu kimoja nakijua kuliko vyote basi ni tui la nazi. Naliangalia rangi tu najua nazi ilikuwa kavu sana au changa, na nikionja najua limekamuliwa kwa mkono au limetoka kwenye boksi. Kwa hiyo nilivopata nafasi ya kwenda Kuala Lumpur, Malaysia, siku tisa, kijana wa dada yangu anasoma chuo kikuu kule Gombak, sikwenda kwa ajili ya minara pacha ya Petronas, nilienda kwa sababu nimesikia miaka mingi kuwa wenzetu wale asubuhi chakula chao cha kwanza ni wali wa nazi. Wali wa nazi asubuhi! Nikasema huu mji lazima niuone.

Nianze na kilichoniudhi nikitoe. Asubuhi ya kwanza nilikula pale pale hotelini nilipofikia, jina sitaji, kwenye meza ya chakula kuna kibao kimeandikwa nasi lemak, ndo huo wali wao wa nazi, nikachota. Wali mkavu, tui la boksi limechanganywa na maji mengi, sambal, yaani rojo lao la pilipili, tamu kama jemu. Nilisikitika kwa kweli, maana kuna watu wanakuja wanakula pale siku tatu wanarudi kwao wanasema wameshaijua nasi lemak. Kijana alivokuja kunichukua nikamwambia, akacheka akasema "Mjomba, hicho wanawapikia watalii, twende Kampung Baru."

Tukapanda treni. Ntasema kidogo kuhusu treni kwa sababu ndo ilonirahisishia kila kitu, ile njia inaitwa Kelana Jaya, unanunua tokeni ya plastiki ya bluu kama kifungo kikubwa cha koti, unaigusisha unapoingia na unaitumbukiza unapotoka, na kwenye njia hiyo moja unapata KL Sentral, Pasar Seni, Masjid Jamek, Kampung Baru na KLCC kwenye minara pacha. Karibu yote nitakayoyaeleza hapa nimeyafikia kwa njia hiyo na miguu yangu.

Kampung Baru maana yake kijiji kipya, ila sio kipya, kilianzishwa mwisho wa karne ya 19 kama eneo la Wamalay kukaa na kulima, na mpaka leo zipo nyumba za mbao zilizonyanyuliwa juu ya nguzo, kuku wanapita chini, migomba uani, na ukiinua macho tu minara ya Petronas ipo pale juu yako kama imepandwa nyuma ya jiko la mtu. Tulikaa kwenye meza za plastiki nje. Mama mmoja, kule unamwita Mak Cik kama sisi tunavyosema shangazi au mama mdogo, alikuwa na sufuria la wali limefunikwa na kitambaa, akaufungua mvuke ukatoka na harufu ambayo mimi nilidhani ni mkadi.

Na sikukosea sana. Yale majani ya kijani marefu wanayoyafunga fundo na kuyatia kwenye wali yanaitwa pandan, na mmea wenyewe ni ndugu wa damu wa mkadi wetu, ule ule ambao maua yake mama zetu wanatia kwenye vikuba pamoja na asumini na rehani. Wao wana aina ambayo harufu iko kwenye jani, kwetu iko kwenye ua, kwa hiyo wao wakaupeleka jikoni na sisi tukaupeleka chumbani. Nilikaa nikalifikiria jambo hili mpaka chai ikapoa.

Sasa wali wenyewe. Alivyonitilia kwenye jani la mgomba ulikuwa na vitu vitano: wali, sambal, dagaa wakavu waliokaangwa na karanga, vipande vya tango, na nusu ya yai la kuchemsha. Hiyo ndo nasi lemak ya kawaida kabisa, ukitaka kuku wa kukaanga au rendang, nyama iliyopikwa kwa tui na viungo mpaka ikakauka, unaongeza na bei inapanda. Nikachukua tonge la wali peke yake kwanza, bila kitu. Punje zimeachana lakini kila punje ina mafuta ya nazi, haushikani kama bokoboko na haukimbii kama mchele wa mpunga mkavu. Nikajua huyu mama hapiki kama mimi.

Sisi tunafanya hivi: tui jepesi linachemka kwanza na chumvi, mchele unaingia, ukikaribia kukauka unamwagia kasimile, tui zito, juu, unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko mpaka uive na utandu chini uwe mwekundu. Wao wale wanaopika kwa njia ya zamani wanaroweka mchele, wanaupika kwa mvuke, wanautoa, wanauchanganya na tui zito, kisha unarudi tena kwenye mvuke umalizikie. Tui halikai kwenye moto mkali muda mrefu, ndo maana halikatiki na ladha yake inabaki mbichi mbichi kidogo, tamu, na hakuna utandu kabisa. Mimi utandu naupenda na siachi, lakini nakiri kwa wali wa kula asubuhi, ambao utafungwa kwenye jani na kuliwa baada ya masaa mawili kazini, njia yao ni bora, wali wetu ukipoa unakuwa mzito na mafuta yanaganda juu, wao hata ukipoa unalika vizuri tu. Na kule wengi wanaula umepoa, umefungwa kwenye jani la mgomba na karatasi kama piramidi ndogo, unaukuta hata kwenye vituo vya mafuta.

Na dagaa! Wanaita ikan bilis. Ni dagaa wa jamii ile ile ya wetu wa baharini, hawa tunaowaanika Unguja wakapakiwa magunia mpaka Kongo. Kwetu dagaa wengi wanamuona ni chakula cha shida, unapika ukiwa huna samaki, wenzetu wamemuweka kwenye chakula cha taifa zima, yupo kwa waziri na yupo kwa dereva. Anakaangwa mpaka anakatika kwa kishindo mdomoni, anachanganywa na karanga za maganda yake mekundu, basi. Hakuna ufundi mkubwa pale zaidi ya moto wa wastani na kumtoa kabla hajawa kahawia sana kwa sababu akishatoka anaendelea kuiva mwenyewe.

Ufundi uko kwenye sambal. Nilimuomba kijana aniulizie, Mak Cik akanionyesha mwenyewe siku ya pili, nilirudi pale asubuhi mapema. Pilipili kavu zinaroweshwa, zinasagwa na vitunguu, thomu na belacan, ambayo ni uduvi uliochachushwa na kukandamizwa ukawa tofali, harufu yake mbichi nzito sana lakini ukiichoma kwenye moto inageuka inakuwa kama samaki wa kubanika. Mafuta mengi kwenye karai, rojo linaingia, na hapo ndo subira inaanza. Anakoroga, anakoroga, moto mdogo, dakika 20, dakika 30, rangi inatoka nyekundu ya kung'aa inakwenda nyekundu ya damu ya mzee, mapovu mwanzo makubwa yanakuwa madogo, mpaka ghafla mafuta yanajitenga yanapanda juu. Wao wana neno lake, pecah minyak, yaani mafuta yamevunjika. Nikamwambia kijana amwambie kwetu tunasema rojo limetoa mafuta, ni alama hiyo hiyo bibi yangu alinifundisha kwenye mchuzi wa biriani. Baada ya hapo tu ndo unatia maji ya ukwaju na sukari. Ukitia ukwaju kabla mafuta hayajavunjika pilipili inabaki mbichi na inakukera koo, na hilo ndo kosa la ile ya hotelini.

Ukitoka Kampung Baru kwenda kwenye minara usipande treni, tembea, kuna daraja la waenda kwa miguu linaitwa Pintasan Saloma, lilifunguliwa 2020, linavuka mto Klang na barabara kuu. Usiku linawaka taa za rangi na kila mtu anapiga picha, sawa, lakini angalia umbo lake. Limechukuliwa kutoka sirih junjung, ule mpangilio wa majani ya tambuu yaliyopambwa ambayo Wamalay wanapeleka kwenye harusi. Tambuu jamani! Wazee wetu walivyokuwa wakipokea wageni wa posa kwa tambuu na popoo kwenye sinia, wao wamelijengea daraja la chuma katikati ya jiji. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi na kisanduku chake cha tambuu cha shaba na chokaa kwenye kikopo.

Minara pacha yenyewe nitaeleza kifupi, picha zake mmeziona. Mita 452, ghorofa 88 kila mmoja, ilikamilika 1998 na ilikuwa majengo marefu kuliko yote duniani mpaka 2004. Kilichonivutia ni vitu viwili. Kwanza ukiukata mnara kama unavyokata mkate, umbo la ndani ni nyota ya pembe nane, miraba miwili iliyopishana, nakshi ile ile unayoikuta kwenye vigae vya misikiti. Pili, walipochimba msingi walikuta chini nusu ni mwamba na nusu ni chokaa iliyooza, ikabidi wahamishe majengo yote kama mita 60 pembeni na bado nguzo za msingi zikashuka zaidi ya mita 100. Daraja la kuunganisha liko ghorofa ya 41 na 42, tiketi zina kikomo kwa siku kwa hiyo kata mapema kwenye mtandao. Siku hizi mrefu zaidi pale mjini ni Merdeka 118, mita 678.9, duniani unazidiwa na Burj Khalifa tu, umesimama pembeni ya uwanja wa mpira ambao tarehe 31 Agosti 1957 Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu wao wa kwanza, alitangaza uhuru na kupiga kelele "Merdeka!" mara saba. Merdeka ni uhuru.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote haina urefu wowote. Ni pale mito miwili inapokutana, Gombak na Klang, kwenye ncha ya ardhi katikati kuna Masjid Jamek. Jina Kuala Lumpur lenyewe maana yake makutano ya mito yenye tope. Mwaka 1857 wachimbaji wa Kichina walipandishwa mto kwa mashua kutafuta bati, mashua zikafika hapa hazikuweza kuendelea, wakashuka wakaingia msituni kuelekea Ampang, na wengi wao walikufa kwa malaria ndani ya muda mfupi tu. Wakaja wengine. Maduka ya kuwauzia mchele na mafuta yakaota hapa kwenye tope, ndo mji huo. Yaani mji huu ulianza kama gati na duka la chakula, na ukijua hivo unaelewa kwa nini mpaka leo unakula vizuri hatua chache tu kutoka popote.

Msikiti ulifunguliwa 1909, matofali mekundu yenye mistari myeupe, makuba matatu, minazi uani. Niliswali pale adhuhuri, kuna upepo unatoka mtoni na sakafu ya baridi. Aliyeuchora ni Muingereza, Arthur Benison Hubback, na aliiga majengo ya Wamogul wa India, kwa hiyo unakuta msikiti wa Wamalay wenye sura ya India uliochorwa na mkono wa Kiingereza. Ng'ambo ya mto kuna jengo la Sultan Abdul Samad la 1897 lenye mnara wa saa, mtindo huo huo, na mimi niliposimama mbele yake nilihisi nimeshaliona mahala. Mtu wa Unguja ukiliona utajua kwa nini: ni zama zile zile ambazo Sinclair, Muingereza mwengine, alituchorea Mahakama Kuu pale Vuga 1908 na baadae jumba la makumbusho la Beit el Amani la 1925. Waingereza walikuwa wana mchoro wao wa "nchi za Waislamu" wakauzungusha bahari nzima.

Mbele ya jengo hilo ni uwanja wa Merdeka na mlingoti wa bendera wa karibu mita 95. Nikamuuliza mlinzi kwa mikono, kile pale juu mnakiitaje? Akasema "bendera". Nikadhani ananijibu Kiswahili! Kumbe nao walichukua kwa Wareno kama sisi, na meza nao ni meja. Ukikutana na mtu anakwambia apa khabar, habari gani, unajibu khabar baik. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, dunia ni dunia. Siku tisa nilikuwa naokota maneno barabarani kama mtu anayeokota sarafu zake mwenyewe.

Neno lililonifurahisha zaidi ni mamak. Migahawa ya mamak ndo roho ya usiku wa Kuala Lumpur, mingi iko wazi masaa 24, ni ya Waislamu wenye asili ya Kitamil, na hilo neno limetokana na Kitamil, maana yake mjomba. Yaani unakula kwa mjomba! Kijana wangu alivyonieleza nikamwambia basi leo mjomba anakwenda kumtembelea mjomba mwenzake. Pale unakula roti canai, inatamkwa chanai, na kama umewahi kusukuma chapati utasimama kama mimi nilivosimama karibu nusu saa mbele ya yule kijana wa roti bila kukaa. Madonge ya unga yamelala kwenye mafuta tangu usiku. Analichukua moja, analibonyeza, kisha hasukumi, hana hata kile kijiti, analishika ncha anarusha hewani, linazunguka linatanuka, mara ya tatu au ya nne limekuwa jembamba unaona meza chini yake. Analikunja, linaingia kwenye bamba la chuma, likiiva analiokota analipiga kwa viganja viwili kutoka pembeni, pa pa pa, matabaka yanafumuka.

Sababu ya kiufundi ni hii kwa wanaopika. Chapati yetu ya kusukuma matabaka tunayapata kwa kupaka samli, kukunja kama konokono na kusukuma tena, kile kijiti kinayakandamiza kidogo. Wao donge limeshapumzika masaa mengi ndani ya mafuta, unga umelegea kabisa, linavutika bila kukatika, na kwa vile halikandamizwi hewa inabaki ndani. Nimejaribu nyumbani, siri yote ni kupumzisha, ukiharakisha linachanika. Unakula na dengu na mchuzi wa samaki, na pembeni teh tarik, chai nzito na maziwa ya kopo inayomiminwa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine kwa urefu wa mkono mzima mpaka itoe povu na ipoe kiasi cha kunywa.

Kwa mjomba huyo huyo niliagiza murtabak. Roti ile ile nyembamba, ndani nyama ya kusaga, vitunguu na yai, inakunjwa bahasha na kukaangwa. Mtu yeyote wa Forodhani anajua ninachokizungumza, ni mantabali yetu, hii ambayo watalii wanaiita pizza ya Zanzibar! Murtabak, mantabali, na Waarabu wanasema mutabbaq, kilichokunjwa. Jina moja limepanda majahazi likashuka kwenye bandari mbili tofauti, kila bandari ikalitamka kwa mdomo wake. Yao ni kubwa zaidi na bizari ni nyingi, inaliwa na vitunguu vya siki vya waridi. Ya Forodhani mimi naona ukaangaji wetu wa samli unaipa ladha zaidi, hapo sitoi heshima.

Siku ya nne nilienda soko la Chow Kit, hili kwangu ndo makumbusho. Ukiingia upande wa samaki vaa viatu vya kufunika maana chini maji. Kule ndani wapo wenye mashine za kukuna nazi, unachagua nazi yako, anaipasua, anaisugua kwenye ule mpira wa chuma wenye meno unaozunguka, sekunde chache chicha zote chini, kisha inaingia kwenye mashine ya kukamua, unaondoka na tui kwenye mfuko. Tui zito wanaliita pati santan. Nikamuuliza kuhusu mbuzi ya kukunia nazi, nikamwonyesha kwa kukaa chini kama niko juu yake na kukuna, akacheka sana akaita wenzake, kumbe wanalo, bibi zao walikalia kibao chenye chuma mbele vile vile. Nilionja tui lake kwenye kiganja. Zuri. Joto la mkono tu ndo halina, tui la kukamuliwa na kifumbu na maji ya uvuguvugu linatoa utamu zaidi kuliko la kukandamizwa na chuma, lakini kwa mtu anayepika wali wa watu mia tatu kila alfajiri sina la kumlaumu.

Kwenye matunda nilisimama tena. Rambutan, jina limetokana na nywele, ndo shokishoki. Belimbing buluh ndo mbirimbi tunazotia kwenye mchuzi wa samaki na achari. Na durian, kutoka neno duri, mwiba, ndo doriani letu. Hapa lazima niseme ukweli ijapokuwa inauma: doriani letu la Unguja tunalipata msimu, mti mmoja huku mmoja kule, hakuna anayechagua mbegu. Kule wana aina zenye majina na namba, D24, Musang King ambayo ni D197, zinauzwa kwa kilo, muuzaji analigonga kwa mpini wa kisu anasikiliza sauti, anakata tundu dogo anakuonyesha nyama ndani kabla hujalipa. Nilikula Musang King usiku kando ya barabara na glavu za plastiki, nyama ya manjano kama kiini cha yai, tamu kisha uchungu kidogo mwishoni kama kahawa. Hoteli nyingi zina kibao cha kukataza usiingie nalo, kwa hiyo lile hapo hapo, nawa mikono, nenda kalale.

Batu Caves ni kaskazini ya mji, kama kilomita 13, treni ya Komuter inafika mpaka mlangoni. Ni mlima wa chokaa wenye mapango na hekalu la Wahindu wa Kitamil, sanamu ya mungu wao Murugan ya rangi ya dhahabu urefu wa mita 42.7, na ngazi 272 ambazo 2018 zilipakwa rangi zote. Nenda saa moja asubuhi, jua bado, na usishike chakula mkononi, nyani wa pale hawana salamu. Hata kama si dini yako vaa nguo ya heshima, panda taratibu, watu wanaomba pale. Wakati wa Thaipusam, sikukuu yao, wanapanda watu kwa malaki. Ukishuka tafuta wali wa jani la mgomba, iwe pale chini au Brickfields karibu na KL Sentral, jani zima mbele yako, wali, mboga tatu, papadamu, mchuzi unaongezwa mpaka useme basi, unakula kwa mkono wa kulia kama nyumbani, na ukimaliza unalikunja jani kuelekea kwako kuonyesha umeridhika.

Upande wa Wachina, Petaling Street na Jalan Alor, nitapita haraka kwa sababu sikula sana. Tambi zao nyeusi za Hokkien zinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na Muislamu lazima uangalie nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, dukani, ikiwa haipo uliza. Hawakasiriki, wanakwambia wazi kabisa yupo nguruwe au hayupo. Kahawa yao lakini nilikunywa, buni zinakaangwa na sukari na siagi, nyeusi sana, tamu moshi.

Kwa anayetaka kupika nasi lemak bila kwenda, mimi naifanya hivi hapa Unguja. Mchele vikombe viwili, uroweke saa moja, uuchuje vizuri. Upike kwa mvuke juu ya kitambaa dakika 15, hautaiva wote, ndo tunavotaka. Utoe kwenye bakuli, mwagia kikombe kimoja kasoro cha kasimile lililotiwa chumvi, vipande vya tangawizi, changanya kwa uma usiuponde, acha dakika kumi unywe. Urudishe kwenye mvuke dakika 15 nyingine. Pandan huna, tia mchaichai ulioupondaponda na kuufunga fundo. Usitie hiliki, nimejaribu, inaupeleka kwenye wali wa sherehe na inaua harufu ya nazi. Dagaa chukua wale wadogo weupe, vunja vichwa, osha haraka na uwaanike tena juani nusu saa kabla ya kukaanga maana wakiwa na maji wanarusha mafuta. Belacan ukikosa, uduvi mkavu uliokaangwa bila mafuta ukasagwa unasaidia, sio sawa sawa lakini unafika karibu, na sambal yako usiiondoe motoni mpaka uyaone mafuta yamejitenga.

Mak Cik alinipa kipande chake cha belacan kimefungwa gazeti na plastiki tatu. Kipo kwenye friji yangu, nakata kidogo kidogo kwa wembe.